Mwavuli Juu ya Manga

Mke wangu Persis husema kwamba kabla ya kununua gari nilikuwa nikisafiri kwa kidole. Si uongo. Nilikuwa mchoraji wa ramani katika ofisi ya ardhi mjini Kisii, na kutwa nzima kidole changu kilipanda milima, kikavuka mito, kikalala Kericho na kuamka Kisumu, huku suruali yangu ikichakaa kwenye kiti kilekile. Kwa hiyo mwaka wa 1971, mwalimu mmoja aliyekuwa akihamia Mombasa aliponiuzia Peugeot 403 yake ya rangi ya maziwa, niliapa kwamba kila mahali nilipowahi kupachora nitapakanyaga kwa kiatu changu mwenyewe.

Tukaanza. Tulikwenda Tabaka kuwaona wachongaji wa mawe, tukarudi na kiboko mdogo wa jiwe. Tulikwenda Kisumu kuwaona viboko wenyewe, tukatazama maji matupu saa tatu nzima. Tulikwenda Kericho, tukatembea katika bustani za hoteli katikati ya mashamba ya chai, na kwa kuwa sisi ni Wasabato na chai hatunywi, Persis akaagiza maji moto na limau. Mhudumu alikwenda kumwita mkubwa wake aje atuone. Kila safari niliiandika katika daftari langu: saa ya kuondoka, saa ya kufika, na jambo la kukumbukwa. Ukurasa wa Kisumu unasema, "Viboko: hawakuwepo."

Safari ninayotaka kuisimulia ina ukurasa wenye mistari miwili tu, kwa sababu baada ya hapo mkono ulikataa kuandika. Ni ile ya sikukuu ya Madaraka, mwaka 1973, tulipompeleka mama mkwe wangu Manga.

Asiyetujua Wagusii ataniuliza, kumpeleka mama mkwe matembezi kuna ugumu gani? Kuna ugumu. Kwetu mwanamume na mama wa mkewe hawakaribiani. Hawapeani mkono, hawali meza moja, hawatazamani usoni, wala hakuna anayetaja jina la mwenziwe. Tunaiita ensoni. Si chuki hata kidogo, ni heshima iliyozidi kipimo. Nilikuwa na miaka tisa katika ndoa, na mama mkwe nilimjua kwa kitambaa chake cheupe cha kichwani na viatu vyake vya mpira tu. Nikimwona mbele yangu njiani, mimi naingia kwenye michai upande huu, naye anaingia upande ule, barabara inabaki tupu kana kwamba mifugo imepigwa karantini.

Mwezi wa tano mwaka ule, Persis alirudi kutoka kwao Itumbe, akaketi jikoni bila kuvua koti.

"Mama ana presha ya macho," akasema. "Jicho la kulia limekwisha. La kushoto linaona kama mtu anayechungulia kwenye mrija wa pombe, na yeye mrija hajaugusa tangu azaliwe. Daktari anasema hata hilo litafunga kabla ya Krismasi, na hakuna dawa ya kulirudisha."

Habari ile iliniuma kuliko nilivyotarajia, maana mtu usiyemtazama usoni bado unaweza kumpenda.

"Nimemuuliza kuna kitu anataka kukiona. Nilidhani atasema wajukuu. Anataka kuliona ziwa kutoka juu ya Manga."

Mama mkwe alizaliwa chini ya ule mwamba mrefu wa Manga, kabla hata ya wamisheni kumbatiza jina la Bathsheba. Utotoni aliitwa Nyanchama. Alichunga mbuzi juu kule, na kutoka huko, siku ya hewa safi, unaliona Ziwa Victoria kwa mbali, ukanda mweupe chini ya mbingu. Jioni mama yake alisimama kando ya nyumba huku chini na kupaza sauti, "Nyanchama!" na mwamba ukalirudisha jina mara tatu, naye akakusanya mbuzi wake na kushuka. Akaolewa Itumbe mwaka wa 1927, na tangu hapo hakupanda tena. Mtu wa Manga hapandi Manga kutembea. Angepanda kufanya nini, na mbuzi wenyewe waliliwa zamani?

"Tutampeleka," nikasema.

"Na gari?" akauliza Persis.

Ndiyo, gari. Mama mkwe na mimi ndani ya sanduku moja la bati, pumzi zikichanganyika, kutwa nzima. Tulifikiria siku tatu. Mwishowe Persis akatoa shuka la maua mekundu, akalifunga kwa kamba kutoka dirisha hadi dirisha nyuma ya kiti changu. Kioo cha dereva cha kuonea nyuma nikakigeuza kikatazama dari. Persis angeketi mbele nami, na nyuma ya pazia wangekaa mama mkwe na binti yetu Esnah, mwenye miaka saba, ambaye angepeleka maneno huku na huku. Maana mkwe na mama mkwe wakiwa na la kuambiana, humwambia mtoto.

Mwenzangu wa ofisini, Owino, mtu wa Kendu Bay, alipoyasikia hayo alicheka mpaka akamwaga wino.

"Yaani utabeba huyo mama kama mzigo ya posta!" akasema. "Lakini ni wazo mzuri. Mama yangu Anyiko yuko kwangu wiki hii. Ameishi kando ya ziwa miaka sitini na hajaiona kutoka juu hata siku moja. Binamu yangu ana pikapu. Tukutane huko."

Nikaandika ratiba. Kutoka Itumbe saa mbili asubuhi. Saa nne Nyansiongo, kuona bustani ya mzungu. Saa sita Nyamira, chakula. Saa saba na nusu Manga. Ziwa huonekana vizuri kuanzia saa nane, jua likianza kulipiga kutoka upande wake, na saa kumi mvua huja na kulifuta kabisa. Tena Madaraka ile iliangukia Ijumaa, kwa hiyo jua halikupaswa kutukuta barabarani. Jua likizama ni Sabato, na mama mkwe asingekubali kuendeshwa kwenye gari la matembezi siku ya Sabato hata kama Manga ingemfuata Itumbe kwa miguu.

Kwa hiyo tulikuwa na saa mbili za kumwonyesha ziwa. Kesho yake isingekuwepo, maana siku nyingine ya mapumziko ilikuwa mbali, na jicho lile halikungoja.

Asubuhi ile nilisimama kando ya ua nikiangalia shamba la chai la jirani wakati mama mkwe akipanda gari. Nilisikia mlango, nikanusa sabuni. Kisha ikaja sauti nyuma ya pazia, ya chini, yenye adabu.

"Esnah, mwambie baba yako Mungu amsaidie katika uendeshaji wake."

"Baba," akasema Esnah, "nyanya anasema usituue."

Hivyo ndivyo alivyokuwa Esnah. Ujumbe ulipita kwake kama maziwa yanavyopita kwa paka.

Nyansiongo tulifika kwa wakati. Ile nchi ya Borabu ilikuwa ya walowezi, na walipoondoka ikagawiwa watu wetu, wakapanda mahindi na kufuga ng'ombe wa maziwa. Lakini nyumba moja ya mawe ilibaki na bustani yake, kwa sababu ya ubishi wa mzee mmoja aitwaye Ombui. Alikuwa mtunza maua wa mzungu yule, na alipopewa shamba lake palepale, alikataa kuyang'oa. Ekari nzima ya mawaridi na vichaka vilivyokatwa kwa umbo la yai, na pembeni mipera iliyoinama kwa matunda. Watu walikuja kutoka mbali kushangaa.

Mimi nilikaa mwanzo wa bustani, Persis na Esnah wakamwongoza mama mkwe ndani. Baada ya muda Esnah akanijia mbio, mapera yamejaa mashavuni.

"Nyanya anauliza, kuna mboga wapi?"

"Mwambie hakuna. Ni maua tu."

Akaenda, akarudi. "Anauliza walikuwa wanakula nini."

"Mwambie walikuwa wananunua."

Akaenda, akarudi. "Anasema ndiyo sababu waliondoka."

Nilicheka peke yangu, na nadhani yeye pia alicheka kule alikokuwa. Lakini kicheko changu hakikudumu. Saa nne na nusu ikapita, saa tano ikapita. Mama mkwe hakuwa akiitazama bustani kama wewe na mimi tunavyotazama, kwa kutupa jicho mara moja na kusema nzuri. Jicho lake liliona ua moja tu kwa wakati mmoja. Kwa hiyo aliyaona moja moja. Analisogelea, analitazama, analinusa, analishika, ndipo anakwenda kwa jirani yake. Na mzee Ombui, kwa furaha ya kumpata mtu wa namna hiyo, alimtajia kila ua mwaka lilipopandwa.

Saa tano na nusu nilikuwa nachemka. Nilimwita Persis kwa mkono, nikamwonyesha saa.

"Tutachelewa ziwa kwa sababu ya mawaridi!"

"Joash," akasema, "yeye ana jicho moja. Wewe una saa ya mkononi. Kati yenu nani wa kuhurumiwa?"

Nikarudi kuketi garini na ratiba yangu, nikaifuta mistari miwili, kisha nikaikunja na kuikalia. Chakula tulikila njiani huku gari likienda, ndizi na mayai ya kuchemsha vikipitishwa chini ya pazia.

Manga tulifika saa nane na nusu. Barabara ya mwisho ilikuwa ya kona tupu, na Esnah alikuwa na mapera kumi na moja tumboni, alikuja kuyahesabu mwenyewe baadaye. Niliposimamisha gari mahali njia ya miguu inapoanza, alifungua mlango, akateremka, na mapera yote yakateremka naye, juu ya gauni, juu ya viatu, juu ya mkeka wa kukalia.

Persis akamshika kichwa. Nikatazama magharibi. Juu ya ziwa, mbali sana, wingu lilikuwa limeanza kujikusanya, jeusi chini na jeupe juu.

"Nendeni," akasema Persis.

"Nani?"

"Wewe na mama! Mimi siwezi kumwacha mtoto hivi. Mvua ikifika hapa hatutarudi tena na macho yale."

"Persis, nitamshikaje? Njia ina mawe, na kule juu kuna genge!"

Persis aliingiza mkono chini ya kiti, akatoa mwavuli wangu mweusi wa ofisini, akanipa ncha. Akaenda upande wa pili wa gari, akamkabidhi mama yake mpini. "Mama, shika hapa. Usiachie." Kisha akarudi kwa mtoto wake, akiniacha na mama mkwe, na urefu wa mwavuli katikati yetu.

Tukapanda. Mimi mbele, mkono mmoja nyuma, macho mbele kama askari wa gwaride. Yeye nyuma, viatu vya mpira vikisema chwaka chwaka. Watu wa sikukuu walikuwa wengi njiani, wengine wametoka Nyakoe, wengine mjini, na kila aliyetuona alisimama kuangalia. Baada ya hatua hamsini palikuwa na mzizi mkubwa. Ningemwambiaje? Esnah hakuwepo, wala mtoto mwingine yeyote wa kwetu. Nikakohoa.

"Mwavuli," nikasema, "mwambie nyanya wa Esnah kuna mzizi hapa."

Nikadhani nimemkosea. Kisha nyuma yangu ikaja sauti ya chini ile ile.

"Mwavuli, mwambie baba Esnah nimeuona. Na apunguze mwendo, mimi si mbuzi."

Niliuma midomo nisicheke. Basi mwavuli ukawa na kazi. Niliuambia kuna jiwe, ukaambiwa asante. Ukaniuliza kama mti mkubwa wa kona bado upo, nikauambia umebaki kisiki. Ukasema ndivyo mambo yalivyo. Ndani ya nusu saa ile tulizungumza na mwavuli mambo mengi kuliko tuliyozungumza kwa miaka tisa kupitia watoto, na hakuna heshima iliyovunjika.

Karibu na kilele palikuwa na vijana wa shule wakiimba nyimbo za Madaraka, na umati umeziba njia. Hapo nikasikia naitwa, "Nyamongo! Karani!" Alikuwa Owino, jasho linamtoka, kofia mkononi. Nikasimama kumsalimu, mkono wangu wa nyuma bado umeshika ncha ya mwavuli. Akanieleza jinsi pikapu ilivyokwama, nikamweleza habari za mapera. Nilihisi mwavuli ukilegea kidogo, kisha ukakazwa tena. Sikugeuka. Ningegeukaje? Nikamwambia Owino ningemwona baadaye, nikazunguka ule umati kwa upande wa kushoto, nikavuta taratibu, mwavuli ukanifuata hadi pembeni mahali penye nafasi.

Na ziwa lilikuwepo. Jua lilikuwa limelipiga lote, ukanda mweupe mrefu, unang'aa, na mlima wa Homa umesimama kando yake. Wingu lilikuwa limefika nusu ya njia.

"Mwavuli," nikasema, "mwambie nyanya tumefika. Mwambie alielekeze jicho mbele kabisa, chini ya mbingu. Kuna mlima mmoja umejitenga, unaitwa Homa. Mkono wa kulia wa huo mlima ndipo maji yanapoanza. Ni meupe kama alivyoyaacha. Mwambie tumewahi."

Mwavuli ulitikisika. Kisha ukacheka. Kilikuwa kikubwa, cha kifuani, kicheko ambacho sijawahi kukisikia Itumbe.

"Mimi najua hiyo mlima," ikasema sauti kwa Kiswahili. "Nimezaliwa nyuma yake. Bwana yangu amezikwa hapo."

Niligeuka. Aliyeshika mpini alikuwa bibi mrefu mweusi, kitambaa cheupe kichwani, amefurahi kupita kiasi. Alikuwa Anyiko, mama yake Owino.

"Mama! Yule mwingine yuko wapi?"

"Nani? Yule mama alinipa hii nishike, nguo yake imeshikwa na miiba. Halafu wewe ukavuta. Nikafikiri ndiyo desturi ya Wakisii kutembeza mgeni." Akautazama mwavuli kwa heshima. "Ni desturi mzuri."

Ukingo wa Manga hauna ua wala kamba. Majani yanakwenda, yanakwenda, kisha hayapo, na chini ni mita mia mbili za hewa. Na nilikuwa nimemwacha hapo mwanamke anayeuona ulimwengu kupitia mrija, asiyeona kilicho kulia kwake wala kushoto kwake, tena asiyejua Kiswahili cha kumuuliza mtu. Nilimwacha kwa sababu ya heshima. Nilikimbia kurudi kwenye umati, na kwenye miiba sikumkuta mtu.

"Nyanya!" nikaita. Vikongwe sita waligeuka. "Nyanya wa Esnah!" Wawili kati yao nao walikuwa na wajukuu walioitwa Esnah.

Nilikimbia kando ya ukingo. Kila kitambaa cheupe kilikuwa cha mtu mwingine. Wingu lilikuwa limelifunika jua nusu. Nilimfikiria Persis kule chini akimfuta mtoto uso, akijua mama yake yuko nami salama. Hapo niliacha kufikiri. Nikasimama juu ya jiwe, nikajaza kifua, na mimi, Joash Nyamongo, mzee wa kanisa, nikafanya jambo ambalo mkwe wa Kigusii hafanyi.

"Bathsheba!"

Waimbaji wakanyamaza. Watu wote wa kwetu waliokuwa pale walijua mwanamume wa umri wangu hapigi kelele namna ile kumwita mkewe; walifahamu ni mama mkwe. Mama mmoja alijifunika mdomo kwa kanga. Hakuna aliyeitika.

"Bathsheba!"

Upepo tu. Ndipo nikakumbuka lile jina la siku za mbuzi, la utotoni, la mama yake aliyesimama kando ya nyumba. Nikageukia mwamba, nikaliita kwa nguvu zangu zote.

"Nyanchama!"

Mwamba ukalishika, ukalirudisha. Nyanchama. Ukalirudisha tena, na tena, mara tatu kama Persis alivyonisimulia. Na kabla la tatu halijaisha, kutoka chini kidogo, upande wa kulia, sauti nyembamba kabisa, sauti ya msichana aliyechelewa na mbuzi, ikaitika.

"Eee!"

Nilimkuta ameketi juu ya jiwe bapa lililoinuliwa nyuma kama kiti, viatu vya mpira amevivua na kuvipanga pembeni. Mbele yake, hatua nane hivi, lilikuwa genge. Nilisimama nyuma yake nikihema, sikujua niseme nini wala niseme na nani. Baadaye nilielewa. Alipoitoa nguo kwenye miiba hakutuona tena, akavua viatu, akaiachia miguu imlete. Miguu yake iliijua njia ile miaka kumi kabla ya kumjua mume wake. Mimi na mwavuli wangu tulikuwa tukimsindikiza mwenye nyumba kwake.

Lakini ziwa hakuwa ameliona. Niliona kichwa chake kikienda huku na huku, taratibu, kikitafuta. Mrija ule mwembamba ulikuwa ukigusa mbingu, ukigusa misitu, ukigusa mashamba, na kila mara ukilipita ziwa. Na wingu lilikuwa linakuja. Kumshika kichwa na kukielekeza, nisingeweza. Nilisimama pale na mikono yangu miwili mizima, haina kazi, machozi yakanijaa.

Anyiko akanipita. Alikuwa amenifuata na mwavuli. Akaketi kwenye jiwe lile bila kuomba ruhusa, bega kwa bega na mama mkwe wangu, na wawili hao hawakuwa na lugha moja ya kusemezana. Akaulaza mwavuli juu ya bega la mwenzake kama mtu anayelenga bunduki, akauelekeza kwenye mlima wa Homa, kisha akausogeza kulia, kidogo, kidogo tena. Mama mkwe akaelewa. Akaweka shavu lake kwenye kitambaa cheusi cha mwavuli na kulipeleka jicho lake mpaka kwenye ncha, na kutoka kwenye ncha likaruka.

Akatulia. Hakuna kilichotikisika isipokuwa mabega yake.

"Nam," akasema Anyiko kwa lugha ya kwao, akiyaonyesha maji.

"Enyancha," akasema mama mkwe kwa Kigusii. Na kila mmoja akaitika kwa kichwa, maana kitu kilikuwa kimoja.

Waliketi hivyo labda dakika tano, labda kumi. Ile saa yangu sikuitazama. Kisha wingu likafika juu ya maji na kuyafuta, kuanzia upande wa mlima hadi mwisho, na tone la kwanza likanipiga puani.

Tulishuka mvua ikitunyeshea, bibi wawili mbele chini ya mwavuli mmoja, wameshikana mikono, mimi na Owino nyuma tumelowa chapachapa. Chini, Persis alikuwa amesimama kando ya gari, mikono kiunoni.

"Nimesikia," akasema. "Mlima mzima umemwita mama yangu kwa jina. Jina moja halikukutosha?"

Aibu niliyoisahau kule juu ilikuwa imenisubiri kwenye usukani. Niliingia, nikakaza macho kwenye kioo cha mbele. Mama mkwe akaagana na Anyiko kwa kumtingisha mkono muda mrefu, kisha akaingia nyuma ya pazia, sabuni na mvua vikanukia.

Nikawasha gari. Hatukwenda hata hatua mia.

"Esnah," ikasema sauti ya chini, "mwambie mama yako aondoe hili shuka. Nimebakiwa na jicho moja, na tangu asubuhi nusu ya kazi yake ni kutazama maua haya mekundu."

Persis alinitazama. Nikamtazama Persis. Akafungua kamba, shuka likaanguka. Na kwa kuwa gari lililojaa watu kwenye kona za Manga wakati wa mvua halitaki mchezo, niliinua mkono nikakirudisha kioo mahali pake.

Nikamwona. Mara moja tu, kisha nikarudisha macho barabarani. Ilikuwa pua ya Persis, paji la uso la Persis, na kidevu ambacho Esnah anakitoa akikataa kula. Miaka tisa nilikuwa nikiishi na uso ule nyumbani kwangu pasipo kujua umetoka wapi. Yeye hakuwa akinitazama. Alikuwa ameegemeza paji lake kwenye dirisha, akiyaona mashamba moja moja.

Tulifika Itumbe jua bado lipo juu ya miti, upana wa kiganja. Nilisimama tena kando ya ua nikitazama chai ya jirani. Nikasikia mlango ukifungwa, viatu vya mpira vikienda, vikasimama, kisha mama mkwe akanong'ona na Esnah muda mrefu. Esnah akanijia, uso mzito, mikono nyuma. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa na ujumbe asiotaka kuupunguza wala kuuongeza.

"Nyanya amesema, lile jina hakuna aliyemwita nalo juu ya Manga tangu aolewe. Amesema baba aliliita vizuri, kama mama yake."

Nikamshika mkono tuende garini.

"Halafu amesema," Esnah akamalizia, "usirudie tena."